Wenye mabati wanabeba lawama isiyo yao yote

Senene, wale panzi wa nyasi tunaowala, wakichelewa kufika Masaka hapa Uganda, au wakija wachache, lawama huwa imeshapata mwenyewe: wenye mabati, yaani wategaji wanaowanasa usiku kwa taa na mabati. Utasikia redioni na sokoni kwamba taa zao zimekuwa kali mno, mitego imezidi, wanakamata hadi wa mbegu, na wasipozuiwa watoto wetu watawajua senene kwa kusimuliwa tu. Wapo wanaotaka mitego ipigwe marufuku kwa misimu kadhaa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Shida yake ni kwamba imemkamata mtu anayeonekana, aliyesimama usiku chini ya taa, na kumwacha anayefanya kazi mchana akiwa na kibali mfukoni.

Tuanze na wanaotaka marufuku. Zamani senene waliokotwa alfajiri kwenye nyasi, kwa mikono, na waokotaji walikuwa wanawake na watoto. Huko Buganda mume aliyeletewa senene alitarajiwa kumshukuru mkewe kwa gomesi mpya, lile vazi refu la wanawake wa huko. Leo ni biashara ya wanaume wenye mtaji. Mtego ni mabati yaliyoegemezwa kuizunguka taa ya wati 400 au zaidi, mguu wa kila bati ukiwa umeingizwa kwenye mdomo wa pipa. Pembeni nyasi mbichi zinafukizwa ili moshi uwalevye wadudu. Senene anajigonga kwenye bati, miguu yake haipati pa kushika, anateleza hadi ndani, na kutoka hawezi tena. Kunapokucha mapipa yanamiminwa kwenye magunia, na bodaboda zinasubiri.

Na anayenaswa ni aliyeko safarini. Senene wa kundi huruka akiwa amejaa mafuta, ambayo hukaribia nusu ya uzito wake akishakaushwa. Mafuta hayo ndiyo chakula chake cha njiani, na ndiyo sababu mpishi hamwongezei tone kikaangoni, kitunguu na chumvi vinatosha. Wengi katika kundi huwa bado hawajataga, kwa hiyo anayesema tunakula mbegu hasemi uongo.

Upande huu una hata mfano wa kuuthibitishia. Oktoba 2012, huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, wanakijiji wa karibu na bwawa la Doyang waliwategea nyavu kozi wa Amur, ndege wadogo wanaosafiri kutoka Siberia na kaskazini mwa China hadi kusini mwa Afrika. Waliuawa makumi ya maelfu kwa siku chache. Mwaka uliofuata, baada ya makanisa, mabaraza ya vijiji na serikali kukubaliana, uwindaji ule ulikoma, na kozi wakaendelea kuvuka Bahari ya Arabuni kuja kwetu kama walivyofanya siku zote. Mtu akiniuliza kama marufuku inaweza kumwokoa msafiri, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu Nagaland ilifanya hivyo.

Lakini kozi si senene. Kozi jike hutaga mayai matatu au manne kwa mwaka, na akifa hupotea mlezi wa miaka mingi. Senene jike hupachika mayai mengi katika mashina ya nyasi, na kizazi kipya hukomaa katika miezi michache. Kwa mdudu wa aina hiyo idadi ya mwaka kesho haiamuliwi zaidi na waliobaki hai leo. Inaamuliwa na wangapi wataanguliwa wakute mvua na nyasi yenye mashuke machanga, maana shuke changa ndilo chakula chake hasa.

Uganda tulilionyeshwa jambo hili mwaka 2020. Mwezi Februari nzige wa jangwani waliingia Amudat, Karamoja, wakitokea Kenya, na jeshi likapelekwa na mabomba ya dawa. Mwanzo wa msiba ule ulikuwa vimbunga viwili vya mwaka 2018, Mekunu wa Mei na Luban wa Oktoba, vilivyomwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali huko Arabuni. Mchanga uliokuwa mkavu ukalowa, majani yakaota, nzige wakazaliana kizazi juu ya kizazi mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Dawa iliwapunguza, sikatai, lakini kilichowaleta hadi Karamoja ni unyevu wa mchanga wa mbali. Wakiwa adui tunakubali upesi kwamba mazalio ndiyo yanayoamua. Wakiwa chakula tunasahau, tunamkazia macho mwenye pipa.

Basi twende kwenye mazalio. Takwimu inayotajwa sana ni ya misitu: mwaka 1990 ilifunika asilimia 24 ya nchi, na kufikia 2015 asilimia 9 tu, ingawa hesabu za baadaye zinaonyesha nafuu kidogo. Nafuu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Senene ni mdudu wa nyasi. Kilima cha nyasi kikipandwa misonobari au mikaratusi, kwenye hesabu ya nchi kinaingia kama faida ya msitu, na hakuna safu inayoandika kwamba pale palikuwa na nyasi. Kikipandwa miwa kinaingia kama kilimo. Ardhi ya nyasi tunaiita pori tupu, na pori tupu halina wakili. Katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, maelfu ya hekta za michikichi yamechukua nafasi ya msitu pamoja na nyasi, lakini kilio kilichosikika kilikuwa cha miti tu, na kilistahili kusikika. Cha nyasi sikukisikia.

Ardhi oevu nazo zilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994. Mwaka 2019 zilizobaki katika hali nzuri zilikadiriwa kuwa asilimia 8.9. Ukisafiri kutoka Kampala kwenda Masaka unapita kwenye ardhi oevu ya Lwera, na huhitaji takwimu: kuna mashimo ya kuchimba mchanga yaliyojaa maji na mashamba ya mpunga mahali palipokuwa na nyasi na mafunjo. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopitisha magunia ya senene kwenda Kampala kila Novemba. Abiria hununua kikombe cha senene dirishani, analalamikia bei, anamlaumu mtegaji, na Lwera iko pale pale nje ya kioo.

Mtegaji mwenyewe hachumi kwa raha. Anakodi eneo, analipia umeme wa msimu au mafuta ya jenereta, na kundi lisipotokea deni linabaki lake. Mwanga unamuumiza macho. Wakati wa kumimina mapipa hukutana na kidudu chekundu na cheusi ambacho kikisagwa ngozini huunguza na kuacha malengelenge. Nyuma yake kuna wanawake wanaoketi sokoni na beseni, vidole vimepakwa majivu ili visiteleze, wakinyonyoa mabawa na miguu mmoja mmoja. Marufuku ya misimu mitatu ingewaangukia hao kwanza. Mwenye shimo la mchanga asingeisikia.

Sisemi mitego iachwe bila mipaka. Kwa kuwa wengi wananaswa kabla ya kutaga, idadi ya taa kwa kila kilima iwekewe kikomo, na usiku kadhaa wa kilele cha msimu taa zizimwe ili kundi lipite. Nyaya za umeme wa wizi zinazoua watu zisivumiliwe hata kidogo. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Kenya wamekuwa wakijaribu kuwafuga senene, nao wapewe fedha. Lakini kikomo cha taa kikiwekwa peke yake, huku vibali vya kuchimba mchanga Lwera vikiendelea, tutakuwa tumemnyang'anya mtu wa Masaka kipato chake ili mazalio yaishe kwa utulivu zaidi.

Tena wategaji ndio watu wanaoweza kutusaidia kujua kundi linakwendaje. Wanajua mvua ya juzi ilinyesha upande gani, na kwamba mwezi mpevu huharibu usiku kwa sababu taa hupoteza nguvu. Wanajua kilima kipi hupata wa kwanza na kipi hupata wa mwisho. Kila alfajiri wanahesabu magunia, maana wana washirika wa kugawana nao. Halmashauri inayotaka kuwadhibiti iwape leseni kwa sharti moja jepesi: tarehe, mahali na idadi ya magunia ya kila usiku. Kwa misimu michache tu tungekuwa na ramani ya safari yao kutoka Kalangala hadi vilima vya Masaka, na hapo ofisi inayotoa vibali vya mchanga na michikichi ingelazimika kuitazama kabla ya kupiga muhuri.