Wetsuti inakubeba au inakunyoosha?

"Ukivaa ile nguo hujaogelea, umebebwa." Kauli hii utaisikia Shangani hapa Mtwara kila kijana wa traiathloni (mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo) akitokeza ufukweni na wetsuti, ile nguo ya mpira inayobana mwili, mkononi, na mara nyingi anayeisema ni mzee aliyekulia Mikindani ama Msimbati, bahari anaijua kuliko barabara, kwahiyo hata kubishana naye unaona ni kama kukosa adabu. Ila mzee wangu ana nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndo kubwa.

Tuanze na miguu maana ugomvi wote uko hapo. Kifuani una mapafu, yamejaa hewa, kwahiyo maji yanakusukuma juu zaidi upande wa kifua. Uzito wako lakini umekaa chini kidogo, maeneo ya kiunoni, na mapaja yale ni mfupa na nyama tupu. Hizo nguvu mbili hazipo mstari mmoja, moja inanyanyua mbele nyingine inavuta nyuma, basi mwili unageuka wenyewe. Jaribu maji yakijaa, ingia mpaka kifuani, vuta pumzi ya kutosha, lala kifudifudi mikono umeibana mapajani, usipige teke hata moja. Mgongo utabaki juu, miguu itaanza kushuka taratibu bila wewe kutaka, mpaka vidole viguse mchanga. Halafu rudia mikono umeinyoosha mbele ya kichwa, utaona safari hii inachelewa kuzama, kwa sababu umesogeza uzito mbele.

Sasa nani miguu yake inazama sana? Wembamba, wenye misuli, wanaume zaidi kuliko wanawake, yaani ndo hao hao wakimbiaji na waendesha baiskeli wanaoingia traiathloni wakiwa wakubwa tayari. Kumwambia mtu wa hivyo "piga miguu acha uvivu" ni kumwonea jamani. Akipiga miguu kwa nguvu kweli itapanda, ila mapaja ndo misuli mikubwa ya mwili na inakula hewa balaa, na bado mbele yake kuna kilomita 40 za baiskeli na 10 za kukimbia.

Wetsuti inafanya nini hapo? Ile neoprini ni mpira wenye vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani, na sheria za traiathloni haziruhusu uzidi milimita 5. Piga hesabu ya mezani tu, nguo inayofunika kama mita moja na nusu ya mraba, unene wa wastani milimita 4, hiyo ni lita 6 za kitu chepesi. Toa uzito wa nguo yenyewe, tuseme kilo 2, unabaki na kama kilo 4 za kukunyanyua. Si nyingi. Cha muhimu ni zimekaa wapi, maana watengenezaji wanaweka unene kwenye kiwiliwili na mapajani halafu mabegani wanaacha nyembamba ili mkono uzunguke. Yaani msaada unaenda kule kunakozama. Na mapafu ukitoa pumzi yanapoteza lita kadhaa hapo hapo, mpira hautoi pumzi, kila ukipumua mapaja yanabaki pale pale yalipo.

Halafu hapa kuna kitu wazee wetu hawakisemi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa karibu asilimia 2.5, kwa chumvi tu. Mtu wa kilo 70 akiwa ndani ya maji anapata kama kilo moja na robo tatu za bure ambazo aliyeko ziwani hana. Karibu nusu ya ile wetsuti! Anayesema "mimi sijawahi kubebwa" amebebwa na Bahari ya Hindi tangu utotoni, mpeleke Mwanza akaogelee ziwani tuone kiuno chake kinakaa wapi. Tofauti ni kwamba chumvi inanyanyua mwili mzima, kifua kwa miguu, haichagui, kwahiyo mwinamo unapungua kidogo sana. Mpira unachagua.

Kuna namba moja watu wa wetsuti wanaipenda mno, asilimia 14. Imetoka kwenye utafiti wa Toussaint na wenzake, 1989, walipima jinsi maji yanavyomkinza mtu akiwa na wetsuti na akiwa hana, wakakuta kwa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde ukinzani unapungua asilimia 14, na kwa mita 1.5 unapungua 12. Wauzaji wanaibeba hii kama vile utamaliza mapema kwa asilimia 14, na hapo ndo mtu anadanganyika. Maji hayaendi hivyo. Ukiongeza mwendo ukinzani unapanda kwa mraba (mwendo mara mwendo) na nguvu unayotakiwa kutoa inapanda kwa mchemraba (mwendo mara mwendo mara mwendo), kwahiyo punguzo lote hilo, ukibaki na nguvu zile zile, linakupa mwendo zaidi kwa kama asilimia 5 tu. Mwendo wa 1.25 ni mita 1500 kwa dakika 20 kamili, toa asilimia 5 unapata dakika 19 na sekunde kidogo. Dakika moja basi. Ila ukiigeuza namba upande wa pili ndo inanoga zaidi, yaani usiongeze mwendo, baki na dakika zako 20, utatoka majini umetumia nguvu pungufu kwa hiyo 14 yote na mapaja hujayagusa. Kwa mwogeleaji wa bwawani hiyo haina maana, yeye akishagusa ukuta kamaliza. Kwa mtu anayekwenda kuvaa helmeti apande baiskeli ni kila kitu. Na angalia hata punguzo lenyewe lilivyoshuka mwendo ulipoongezeka.

Upande wa mzee nao una hoja nzito, tena kubwa kabisa ni ya bwawani kwenyewe. Mashindano ya dunia ya Roma 2009, nguo za plastiki za kuelea zikiruhusiwa, zilivunjwa rekodi 43 za dunia, na kuanzia Januari 2010 shirikisho la kuogelea likazipiga marufuku. Walikubali wenyewe kwamba nguo ilikuwa inaogelea. Kwanini traiathloni waachwe? Na mwaka 1995 Chatard na wenzake walilinganisha waogeleaji wa mashindano na wanatraiathloni, wakaona wetsuti inamsaidia zaidi mwanatraiathloni, mwogeleaji mzuri hapati cha maana. Maana yake inampunguzia mzembe deni lake. Sikatai. Ila nguo hii iliingia kwanza kwa ajili ya baridi na usalama, kuelea kumekuja humo humo, na kuogelea ni kilomita 1.5 kati ya 51.5, haifiki hata asilimia 3 ya njia. Haya sio mashindano ya kuogelea bwana.

Hoja yake ninayoiheshimu zaidi ni ya kichwa. Vijana wa pwani wengi wamejifunza kuogelea kichwa juu, macho kwenye mashua au kwa wenzao, na kichwa kikipanda kiuno lazima kishuke. Wetsuti inaficha kosa hilo, unanyanyua kichwa na miguu inabaki juu, unajiona umeiva. Siku unayoivua unarudi kuning'inia miguu chini kama jana. Na kwa mtu ambaye tayari amelala sawa juu ya maji, nyongeza ile inageuka kero, visigino vinatoka nje teke linapiga hewa, kiuno kinapinda, mabega yanachoka kwa kuvuta mpira, kola inakwangua shingo. Kwa huyo sibishani na mzee hata kidogo.

Kwa wengine wote naona wetsuti ina kazi nyingine ambayo haisemwi. Mtu aliyezoea kuning'inia hajui kulala juu ya maji kukoje, umweleze mpaka kesho hataelewa. Mvalishe dakika 10, mwambie atulie, aangalie chini kwenye mchanga, atasikia maji yanapita mgongoni na matako yakiwa juu. Halafu ivue hapo hapo ajaribu kuipata hali ile kwa kichwa na pumzi. Boya la kubana mapajani linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo, ukilipata.

Maana kushindana umevaa wetsuti huku kwetu ni ndoto. Sheria za kimataifa kwa watu wa kawaida, kwa mita 1500, zinakataza wetsuti maji yakifika nyuzi 22, umbali mrefu zaidi nyuzi 24.6, na bahari ya Mtwara hata Agosti kusi ikipiga inacheza kwenye 25, Machi inakaribia 29. Marekani chama chao kwa miaka mingi kimekuwa na njia ya katikati, kati ya kama nyuzi 25.6 na 28.9 unaruhusiwa kuvaa ila zawadi huhesabiwi. Mimi hiyo naipenda, anayeogopa kuzama avae, anayetaka medali avue.

Na wale mnaoazima za wapiga mbizi kule Mikindani, ile ni nguo nyingine. Unene wake haukupangwa kwa kunyanyua mapaja, nje ina kitambaa kinachonywa maji, begani ni ngumu, na mwenyewe akiivaa anafunga kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi kwa sababu kuelea kwake ni usumbufu. Ukipiga nayo mita 1500 za fristaili, ile ya kurusha mkono mmoja mmoja mbele, bega ndo litaanza kulalamika, kabla ya miguu.