Vidonge au sindano ya jicho: kutibu retina iliyoshambuliwa na CMV

Mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake (chembe nyeupe za kinga) zimeshuka chini ya 50 katika kila mikrolita ya damu anaweza kupofuka bila jicho kuuma wala kuwa jekundu. Virusi vya CMV (cytomegalovirus), ambavyo wengi wetu tunavyo mwilini vikiwa vimelala, huamka kinga inapoporomoka na kuanza kuila retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Mgonjwa huona vidoa vyeusi vikielea, au upande mmoja wa anachokitazama unafifia. Wengine hawahisi chochote hadi ugonjwa ufike katikati. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Tiba huokoa iliyobaki tu.

Ubishi upo kuhusu njia ya kuipeleka dawa. Valgansiklovia ya vidonge, dawa ya kuzuia CMV, hutolewa miligramu 900 asubuhi na jioni, pamoja na chakula, kwa siku 21, kisha 900 mara moja kwa siku. Kidonge kimoja ni miligramu 450, kwa hiyo awamu ya kwanza pekee hula vidonge 84. Njia nyingine ni kudunga gansiklovia ndani ya jicho lenyewe, miligramu 2 kila mara, mara mbili kwa wiki mwanzoni, baadaye mara moja kwa wiki.

Wanaotetea sindano wana hoja nzito. Dawa hufika kwenye retina papo hapo, kwa wingi ambao vidonge haviwezi kuufikia, na haigusi uboho wala figo. Hilo ni muhimu kwa mgonjwa anayetumia zidovudini, mojawapo ya dawa za VVU, kwa kuwa zidovudini na valgansiklovia kwa pamoja hushusha vibaya chembe za damu. Gharama nayo ni ndogo: chupa moja ina miligramu 500, na dozi ni miligramu 2 tu.

Lakini hapo hapo kwenye chupa ndipo makosa huanzia. Unga wa miligramu 500 ukiyeyushwa kwa mililita 10 za maji safi ya sindano hutoa miligramu 50 kwa kila mililita. Ni lazima uzimuliwe tena: mililita 4 za mchanganyiko huo na mililita 6 za salini (maji safi ya chumvi), ndipo mililita 0.1 iwe na miligramu 2. Anayeruka hatua ya pili hudunga miligramu 5. Dawa hii haina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, hivyo kuchovya chupa ile ile kwa mgonjwa baada ya mgonjwa ni kukaribisha bakteria ndani ya jicho. Kabla ya kudunga, jicho lisafishwe kwa povidoni ayodini ya asilimia 5, na sindano ipite milimita 3.5 hadi 4 nyuma ya ukingo wa konea, kioo cha mbele cha jicho.

Udhaifu mkubwa wa sindano ni kwamba inatibu jicho lile moja tu. Virusi vimo kwenye damu. Jicho la pili, utumbo na ubongo vinabaki bila ulinzi. Kwa sababu hiyo naviweka vidonge mbele, ingawa vina masharti yake. Picha kamili ya damu ipimwe kila wiki katika awamu ya kwanza, na dawa isianzishwe nutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 500 katika kila mikrolita. Figo zikiwa dhaifu, dozi ipunguzwe. Vidonge visipondwe, na mjamzito asipewe bila daktari kupima hatari kwa mtoto. Mwaka 2013 makubaliano kati ya kampuni ya dawa ya Roche na Medicines Patent Pool, shirika linalojadili leseni za dawa, yalishusha bei kwa nchi nyingi maskini, na mwaka 2015 WHO iliiingiza dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha, hata hivyo, si kuwa kwenye rafu ya hospitali ya wilaya.

Kidonda kikiwa karibu na makula (kitovu cha retina) au mshipa wa fahamu wa jicho, vitumike vyote viwili: sindano 1 hadi 4 ndani ya siku 7 hadi 10, huku vidonge vikiendelea. Kikiwa pembezoni, vidonge vinatosha. Vidonge visipopatikana, dunga bila kusubiri, na jicho la pili likaguliwe kila ziara.

Yote haya hayadumu bila ARV, ambazo zisicheleweshwe zaidi ya wiki mbili hivi baada ya tiba ya CMV kuanza. Kinga ikipanda, jicho linaweza kuvimba ndani na uoni ukafifia upya. Wapo wanaodhani dawa zimeshindwa, wakaacha ARV. Ni kosa la hatari, maana uvimbe huo hutibiwa kwa steroidi huku ARV zikiendelea. Dozi ya kila siku ya vidonge husitishwa CD4 zikishapita 100 na kubaki hapo miezi 3 hadi 6, kidonda kikiwa kimetulia. Kusitisha hakumalizi ufuatiliaji: retina iliyokonda hubanduka hata baada ya virusi kunyamazishwa, hivyo mgonjwa arudi kila miezi 3 kupanuliwa mboni na kukaguliwa hadi kingoni, na mimweko ya mwanga ya ghafla au pazia jeusi vikitokea aje siku hiyo hiyo.