Tairi ya traiali na huu ugonjwa wetu wa upepo mwingi

Wacha niseme wazi kabla hatujaanza kubishana. Pikipiki za traiali hapa Nairobi ni chache, tunajuana karibu wote, na nyingi zinaendeshwa na upepo kupita kiasi. Si ujinga, ni boda. Wengi wetu tulijifunzia pikipiki kwa boda ama kitu kama boda, na kwa boda tairi laini ni hasara tupu, inakula mafuta, inashika pancha kila kona, ukibeba abiria na gunia la viazi inayumba mpaka unaomba Mungu, kwa hivyo mkono umezoea psi 25 (psi ndiyo kipimo cha presha ya upepo) mbele na karibu 30 ama zaidi nyuma, na mtu akishazoea hivyo ukimwambia aweke 5 anakuangalia kama unamtakia mabaya.

Kwa wale hawaujui huu mchezo, traiali ni kupanda mawe, magogo na mito kwa pikipiki nyepesi sana, kilo 70 hivi, haina kiti cha maana, na shida si kufika haraka, shida ni kutokanyaga chini. Mguu ukigusa chini mara moja unahesabiwa pointi 1, mara mbili 2, ukizidisha hapo ni 3, ukianguka ama ukishindwa kumaliza kipande ni 5, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kuna huyu Toni Bou wa Uhispania, tangu 2007 amekuwa akibeba ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka, ukipata video yake wacha kumwangalia yeye, angalia tairi ya nyuma inapogusa jiwe. Inalala kabisa, halafu inashika.

Hiyo tairi imetengenezwa hivyo makusudi. Ya nyuma ni 4.00-18, tyublesi, kuta zake laini, mpira wenyewe laini, na meno mafupi ya mraba yamekaribiana, si yale marefu ya motokrosi ya kuchimba udongo. Ya mbele ni nyembamba, 2.75-21, na mara nyingi hiyo ina tyubu ndani. Watu wa motokrosi wanaweka 12 hadi 15 psi kwa sababu wanaruka juu na kushuka kwa kasi. Sisi hatuko huko. Kwa traiali nyuma ni kati ya 4 na 5, mbele 5 na nusu hadi 7, na hiyo si siri ya mtu, ndiyo mahali dunia nzima inaanzia.

Mimi naanza na 4.5 nyuma na 6 mbele, na niko kilo 80 na buti na kofia. Kama wewe ni mwepesi, kilo 60, nyuma shuka hadi 4. Kama wewe ni jamaa wa mwili, kilo 95 kwenda juu, anza na 5 na nusu na usione aibu, maana uzito wako ndio unasukuma rimu karibu na jiwe.

Sasa kwa nini mbele ipate zaidi ya nyuma? Kwa sababu mbele ndiyo inagonga kwanza, ni nyembamba, na ikiwa na tyubu basi jiwe kali likibana tyubu na rimu unapata matundu mawili kwa mpigo, moja kila upande. Nyuma hakuna tyubu ya kubanwa, na inafika kwa jiwe ikisukuma, haipigi.

Kuna siku tulikuwa kwa machimbo ya zamani ya mawe upande wa Ndarugo, yale yanaacha ngazi kubwa za mawe zimekatwa na vumbi jeupe juu. Jamaa mmoja ametoka na pikipiki aliyonunua mtumba, nzuri kabisa, lakini kila akifika kwa ngazi ya kiuno tairi ya nyuma inapiga pua ya jiwe, inaruka nyuma, inazunguka bure, anakanyaga chini. Yeye analaumu klachi. Nikaweka geji, inasoma 11. Nikamwambia, "Buda, toa."

"Nitoe mpaka wapi?"

"Toa, nitakuambia."

Akafinya valvu kwa kucha, tsss, akasimama. 8. Akapanda, ikashika kidogo halafu ikaachilia. "Toa tena." Sasa ameanza kuogopa, ananiuliza kama rimu ikipinda nitalipa, nikamwambia italipwa na aliyemuuzia. 6. Hapo ngurumo yenyewe ilibadilika, ile injini haikupiga kelele tena, ikanyamaza kidogo na kuvuta. Akafika juu na magoti yake yamekunjwa bado, hakutegemea kufika. Tukamaliza na 4.5 na sijasikia tena habari za klachi.

Kilichotokea hapo ni kitu rahisi. Tairi yenye 11 inagusa jiwe kwa sehemu ndogo kama kiganja cha mtoto, na kila kokoto chini yake inaiinua yote. Ikiwa 4.5 inajikunja kufuata ile pua ya jiwe, meno mengi yanashika kwa wakati mmoja. Halafu tairi nayo ni springi, tena springi isiyo na kitu cha kuituliza, ukiijaza inakurudishia kila pigo na wewe unashindwa kuelewa mbona pikipiki inaruka ukiwa hujairusha. Jaribu hii ukiwa kwako: simama kwa vikanyagio, shikilia ukuta, jirushe chini na uzito wote. Nyuma ikidunda na kukuinua tena, toa upepo. Ikizama ukasikia rimu inagonga, ongeza.

Lakini msinielewe vibaya, si ati kidogo ndio bora kila saa. Kuna wale wakishasikia hii habari wanashuka hadi 3 na wanajisifu. Kwa 3, ukikata mteremko kwa ubavu tairi inajikunja chini yako, pikipiki inateleza kando pole pole kama inafikiria, na ukigonga ukingo mkali rimu inaingia ndani ama mpira unatoka kwa rimu na upepo wote unaisha hapo hapo, uko bondeni, gari liko juu. Kwa mawe makavu na makali ya kule Kajiado mimi naongeza hadi 5 nyuma bila kufikiria sana. Kwa mizizi na mawe yenye maji na kuvu, huko Limuru wakati wa mvua, narudi 4 kamili.

Sasa tuongee geji, kwa sababu hapa ndio ninakasirika. Ukienda stesheni ya mafuta, ile geji ya kompresa imetengenezewa matatu na Probox, huko chini ya 10 sindano haijui kitu, inalala tu. Nimewahi kuulizwa, "Bosi, hii inataka ngapi?" nikasema tano, jamaa akaitikia vizuri na kuweka thelathini na tano, kwa sababu kwa akili yake hakuna mtu timamu anasema tano. Nunua geji ya presha ndogo, ile inaishia 15 psi, uone hata nusu. Kwa traiali nusu psi ni kama asilimia kumi ya kila kitu ulicho nacho, kwa gari nusu psi hata fundi hataisikia. Na pampu tosha ni ya baiskeli, ya mkono. Kompresa itumie siku ya kukalisha tairi kwa rimu tu, hapo ndio unahitaji presha kubwa na maji ya sabuni, ukisikia imelia pap pap pande zote unashusha.

Hii nyingine wengi hawaiwazi na Nairobi ndio mahali inauma. Geji haisomi upepo wote ulio ndani, inasoma tofauti ya ndani na nje. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700, hewa ya nje hapa inasukuma kama 12 psi. Magadi iko kama mita 600, huko hewa inasukuma karibu 13.7. Mombasa ni 14.7. Kwa hivyo ukipima 5 kwako Rongai asubuhi, ukafunga pikipiki kwa pickup mpaka Magadi, tairi ile ile bila kuvuja hata kidogo itasoma kama 3.3 hivi, kama joto lingekuwa sawa. Ukipanda kwenda kileleni Ngong ni kinyume, unapata karibu psi moja ya bure.

Na joto halikuwi sawa. Kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka unapata nusu psi na kidogo. Asubuhi ya Julai huku kwetu ni baridi ya sweta, Magadi saa sita ni jiko, kwa hivyo ile presha uliyopoteza kwa kushuka inarudi nusu ama zaidi kwa joto, halafu ukiegesha pikipiki tairi moja juani na nyingine kivulini ukipima unapata hadithi mbili. Ndio maana ninashangaa watu wanapima nyumbani. Nyumbani jaza 8 za safari, fika, shusha pikipiki, kunywa chai, wacha tairi itulie kivulini, ndio upime. Jioni jua likishuka pima tena. Na ukisoma Mzungu fulani anatumia 4 huko Uhispania, ni sawa, 4 ya geji ni 4 ya geji mradi umeipima pale unapoendeshea, lakini yeye anapanda jiwe lake na wewe una lako.

Udongo mweusi wa Kitengela sitauongelea sana. Ukilowa unajaza meno yote kwa dakika moja na hakuna namba itakusaidia, 4 ama 14 ni sawa, subiri ukauke.

Lami ndio shida ya mwisho. Kuna mtu anataka kutoka Karen hadi Kona Baridi kwa tairi yenye 4 kwa sababu ni karibu. Inapata moto, inayumba kila ukiinama, na lile jino la nyuma linaisha upande mmoja, na hizo tairi hazipatikani duka la kila mtaa, unaagiza na kungoja. Kama lazima upite lami weka 10, nenda pole, shusha ukifika. Na ikiwa inakaa gereji wiki kadhaa iache na 10 ama 12 vile vile, la sivyo kuta zinakunjwa mahali pamoja na kuanza kupasuka, na tyublesi ikiwa na presha ndogo inaweza kuvuja taratibu pale inapokaa kwa rimu.