Mwenye soko akiweka na meza yake

Julai 2020, Jeff Bezos, wakati huo mkuu wa soko la mtandaoni la Amazon, alihojiwa kwa njia ya video na kamati ya Bunge la Marekani. Pramila Jayapal, mbunge wa Seattle, alitaka kujua kama Amazon huchukua takwimu za mauzo ya wafanyabiashara wanaouzia kwake na kuzitumia kutengeneza bidhaa zake yenyewe. Bezos alijibu kwamba ipo sera inayokataza jambo hilo, ila hawezi kuhakikisha kwamba haijawahi kukiukwa. Miezi mitatu nyuma, gazeti la Wall Street Journal lilikuwa limeandika kwamba wafanyakazi wa Amazon walichungulia takwimu za kampuni ndogo iliyouza vikapu vya kupangia vitu kwenye buti la gari, kisha Amazon ikaja na kikapu chake.

Tangu siku hizo kila anayezungumzia masoko ya mtandaoni huanzia hapo: mkubwa anamwiga mdogo. Tuhuma hiyo ina uzito. Lakini naona imetushika mno, tukaacha kuangalia mahali ambapo wauzaji wanaumia zaidi.

Amazon iliwafungulia milango wauzaji wa nje mwaka 2000, na sasa takriban asilimia 60 ya bidhaa zinazonunuliwa humo ni zao. Zilizobaki inauza yenyewe. Nyingi imezinunua kwa watengenezaji wengine, na chache zina jina lake, mfano betri na nyaya za Amazon Basics, zilizoanza mwaka 2009.

Wanaoitetea hawakosi la kusema. Supamaketi zimekuwa zikiuza unga, sukari na karatasi za chooni zenye jina la duka miaka nenda rudi, na hakuna aliyekwenda mahakamani. Mnunuzi anapata unafuu, na kampuni kubwa zilizozoea kupandisha bei kwa sababu ya jina tu zinapata mshindani. Amazon yenyewe imesema bidhaa zenye jina lake ni kama asilimia 1 tu ya mauzo yake ya rejareja, na mwaka 2023 ilifuta nyingi ya nembo zake za nguo kwa kuwa hazikulipa. Halafu kuna hesabu rahisi ya biashara: soko linalokula kamisheni ya kila muuzaji linafaidika nini kwa kuwamaliza?

Ila ulinganisho wa supamaketi una kasoro moja. Kabla ya kujua kipi kinatoka na kipi kinadoda, supamaketi kwa kawaida imeshaweka fedha zake kwenye mzigo. Kwenye soko la mtandaoni anayeagiza kontena, kulipa ushuru, kununua tangazo na kukesha akisubiri wateja ni muuzaji. Mwenye soko anatazama tu. Bidhaa ikikosa wateja, hasara si yake. Ikipata, anajua ni ngapi, kwa bei gani, na mteja alitafuta neno gani hadi akaifikia. Ni kama dalali anayejua bei ya mwisho ya kila mtu, kisha anatoa na mali yake mwenyewe.

Na wala mwenye soko hahitaji kuiga ili kuumiza. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, adhabu ya zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa kuwakandamiza wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kilichozungumzwa pale ni makato waliyolazimishwa kuyakubali, pamoja na gharama na hatari za duka walizobebeshwa. Mafuta na asali yenye jina la Carrefour havikuwa kiini cha kesi.

Hapo ndipo ilipo hata kesi kubwa ya Marekani. Septemba 2023, Tume ya Biashara ya nchi hiyo, wakati huo ikiongozwa na Lina Khan, ikishirikiana na majimbo 17, iliishtaki Amazon. Wanadai kwamba muuzaji akishusha bei kwenye tovuti nyingine, Amazon humficha kwenye matokeo ya utafutaji. Wanadai pia kwamba ili apate alama ya Prime, huduma ya kufikishiwa mzigo haraka, analazimika kutumia maghala na usafirishaji wa Amazon, na kwamba ukijumlisha kamisheni, matangazo na ghala, karibu nusu ya mapato yake huishia huko. Kesi imepangwa kusikilizwa Februari 2027. Italia ilikwisha kutoa uamuzi unaofanana: Desemba 2021 iliitoza Amazon faini ya zaidi ya yuro bilioni 1.1 kwa kuwapendelea waliotumia maghala yake.

Amazon inakana, na utetezi wake si wa kupuuzwa. Mteja ameahidiwa mzigo kufika kwa siku mbili. Ahadi hiyo utaitimizaje kupitia ghala usilolisimamia? Na muuzaji akitangaza bidhaa Amazon kwa bei ya juu huku akiiuza kwake kwa bei ya chini, hajaigeuza Amazon kabati la maonyesho la bure? Kwa soko changa hoja hii ya pili ningeikubali mara moja. Kwa soko ambalo muuzaji hawezi kulihama kwa sababu wateja wote wako huko, inageuka: bei inayokatazwa kushuka kwingine inamuumiza hata mnunuzi ambaye hajawahi kufungua Amazon.

Tiba zilizojaribiwa hazilingani. India iliamua kukaza: kuanzia Februari 2019, soko la mtandaoni lenye mtaji wa kigeni halikuruhusiwa kuuza bidhaa za kampuni ambayo lina hisa ndani yake. Amazon ikapunguza hisa zake kwenye kampuni mama ya Cloudtail, muuzaji wake mkubwa, kutoka asilimia 49 hadi 24, kiasi kilichotosha kulikwepa katazo, na biashara ikaendelea. Afrika Kusini mwaka 2023 iliitaka Takealot, soko la mtandaoni la huko, itenganishe kitengo cha rejareja na kile cha soko ili wafanyakazi wake wanaoagiza bidhaa za rejareja wasione takwimu za wauzaji. Umoja wa Ulaya, Desemba 2022, ulikubali ahadi za Amazon bila faini: haitatumia takwimu za siri za wauzaji, itawapima kwa vigezo sawa na vyake, na itamwonyesha mteja ofa ya pili pembeni ya ile iliyochaguliwa na Amazon.

Mimi ahadi ya takwimu siitegemei sana, maana atakayejua imevunjwa ni aliyeivunja. Ofa ya pili naiamini zaidi. Inaonekana kwa macho, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikagua.

Kunakili sheria hizi huku kwetu kuna hatari yake. Soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wala si kwa kuwa na nguvu kupita kiasi. Wafanyabiashara wengi bado wanauzia WhatsApp na Instagram. Sheria ya Ulaya ya Masoko ya Kidijitali huangalia mapato ya yuro bilioni 7.5, watumiaji milioni 45 kwa mwezi na wafanyabiashara 10,000 kwa mwaka kabla ya kulitambua jukwaa kuwa mlinda lango, yaani kubwa kiasi cha kuwekewa masharti maalumu. Mapato ya namna hiyo hakuna soko la hapa litakaloyafikia karibuni. Kigezo cha wafanyabiashara ndicho ningekichukua, nikishushe, na niongeze swali moja: wangapi kati yao hawana pengine pa kuuzia?