Kuwahi si kukurupuka: lini uombe utarajali wa benki za uwekezaji

Kalenda ya Wall Street, mji wa mabenki wa New York, imefika mahali ambapo kijana wa miaka kumi na tisa, yuko mwaka wa pili wa shahada ya miaka minne Marekani, anaulizwa mwezi Januari kwa nini anaitaka kazi atakayoianza Juni ya mwaka unaofuata. Ni miezi kumi na sita au kumi na saba kabla. Hajasoma somo la fedha za makampuni, huenda hata fani ya shahada yake hajaichagua, na GPA (wastani wa alama) anayoionyesha ni ya mihula mitatu tu. Kila aliyemtangulia anampa ushauri ule ule: omba siku ile ile dirisha linapofunguliwa. Ushauri huo una ukweli mwingi, ila siku hizi unatolewa kama amri, na wanaoumia nao zaidi ni waliofika mjini juzi, wakiwemo vijana wetu waliotoka Nairobi, Arusha au Kigali kwa ufadhili.

Kwanza tuelewane kinachogombaniwa. Utarajali (internship) wa kiangazi katika benki ya uwekezaji, yaani benki inayoyashauri makampuni yanaponunuana au kuuza hisa, ni kama wiki kumi, Juni hadi Agosti, kabla ya mwaka wa mwisho wa chuo. Kwa jina ni mafunzo, lakini kwa kweli ni usaili mrefu wa ajira, kwa sababu sehemu kubwa ya wachambuzi wapya, yaani waajiriwa wa ngazi ya kwanza, wa benki hizi hutokana na watarajali wao wenyewe. Ukikosa kiangazi hicho, mlango mkuu umefungwa. Utabaki na madirisha. Ndiyo maana mwaka 2024 benki ya Goldman Sachs peke yake ilipokea maombi zaidi ya 300,000 kwa nafasi zisizofika 3,000 duniani kote.

Haikuwa hivi tangu zamani. Miaka kumi na kitu iliyopita, usaili wa New York ulifanyika Januari na Februari ya mwaka wa tatu, miezi michache tu kabla ya kazi kuanza. Kisha benki moja ikasogeza mbele, ya pili ikasogeza zaidi, mpaka ikawa kama makondakta wa daladala wanaogombania abiria kituoni: hakuna anayefurahia zile kelele, lakini atakayenyamaza gari lake litaondoka tupu. Mwaka 2018 Goldman Sachs na JPMorgan zilijaribu kurudi nyuma, zikasema hazitasaili tena wanafunzi wa mwaka wa pili kwa ajili ya kiangazi cha mwaka wa tatu. Breki hazikushika. Leo benki ndogo za ushauri, kama Evercore, Moelis na Centerview, ni miongoni mwa zinazoanza mapema, na kubwa haziko mbali nyuma yao.

London ina kalenda yake, na wengi wetu huchanganya hizo mbili. Huko maombi ya kiangazi hufunguliwa kati ya Julai na Septemba kwa ajili ya Juni inayofuata, na anayetakiwa ni aliye mwaka mmoja kabla ya kuhitimu. Kabla ya hapo kuna wiki ya majira ya kuchipua (spring week), ya kukaa ndani ya benki, karibu na Pasaka, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukiisikia unaweza kudhani ni matembezi ya kunywa chai na kupewa kalamu zenye nembo. Sivyo: katika benki kadhaa, anayefanya vizuri wiki hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye usaili wa kiangazi, au hupewa nafasi kabisa. Kwa hiyo ukihesabu sawasawa, London nayo inaanza mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza. Imejificha tu.

Wanaosema "omba siku ya kwanza" wana hoja nzito. Benki nyingi husoma maombi kadiri yanavyoingia na kujaza nafasi kadiri zinavyoendelea. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya kisheria zaidi kuliko ya kweli. Anayetuma siku hiyo anaweza kuwa anaomba viti viwili vilivyobaki kati ya hamsini. Nafasi zenyewe hutolewa na muda mfupi wa kuamua, pengine wiki moja au chini ya hapo, na mwanafunzi aliyekubali hutegemewa kuacha kutafuta. Soko linajifunga taratibu kwa namna ambayo aliye nje haioni.

Kwa mwanafunzi wa kigeni kuna sababu nyingine, nayo huwa haisemwi vya kutosha. Fomu zote zitakuuliza kama sasa au baadaye utahitaji benki ikudhamini kwa kibali cha kazi. Kwa kiangazi chenyewe si shida kubwa: mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 aliyemaliza mwaka mzima wa masomo anaweza kuidhinishwa na chuo kufanya mafunzo yanayohusiana na fani yake. Shida iko mbele. Baada ya kuhitimu unapata miezi 12 ya kufanya kazi, na 24 zaidi kama shahada yako imeorodheshwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya H-1B, kibali cha kazi, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka, na Septemba 2025 baadhi ya maombi mapya yaliwekewa ada ya dola 100,000. Shahada ya uchumi wa kawaida na ile ya uchumi wa takwimu zinaweza kutofautiana kwa masomo machache tu, lakini kwako tofauti hiyo ni miaka miwili ya kukaa na kujaribu bahati zaidi ya mara moja. Anayejua mapema kwamba ana nafasi benki huchagua fani akilijua hilo. Anayejua mwaka wa nne anakuta mambo yameshaamuliwa.

Upande wa pili haupewi haki yake, kwa sababu wanaotoa ushauri ni waliofaulu. Aliyetuma siku ya kwanza akakataliwa siku ya tatu haandiki LinkedIn.

Katika benki kadhaa, ukishabonyeza kutuma, ndani ya muda mfupi barua pepe inaingia: jaribio la mtandaoni, au usaili wa video. Unakaa mbele ya kompyuta bila mtu upande wa pili, unasoma swali, unapewa sekunde chache za kufikiri, kisha taa ya kamera inawaka na dakika zinahesabika. Siku ya kuomba imekuwa siku ya mtihani, na ukishindwa huombi tena mpaka msimu unaofuata. Kwa aliye mwaka wa pili, msimu unaofuata ni wa watakaohitimu baada yake, wake umepita.

Chukua swali linaloulizwa kuliko yote, ambalo kila msaili wa New York analijua kama jina lake: uchakavu wa mali (thamani yake inayopunguzwa vitabuni kadiri inavyotumika) ukiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha, yaani ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania, zinabadilikaje? Tumia kodi ya asilimia 30, ambayo ndiyo ya makampuni Kenya na Tanzania. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu haujatoa hata senti mfukoni, kwa hiyo taslimu inapanda 3. Kwenye mizania, mali za kudumu zimeshuka 10, taslimu imepanda 3, jumla ya mali imeshuka 7. Upande wa pili faida iliyobakizwa imeshuka 7, na pande mbili zinalingana. Mtu aliyesoma wiki tatu anaweza kulijibu. Aliyekariri usiku wa jana atakwama msaili akigeuza kidogo tu: na kama kampuni ilikuwa haina faida ya kutozwa kodi? Hapo ndipo kutuma siku ya kwanza ukiwa hujaiva kunapogeuka hasara tupu.

Msimamo wangu ni kwamba kuwahi kunapimwa kwa wiki, si kwa saa. Ombi lililoingia siku ya kwanza na lililoingia wiki ya pili yako karibu sana. La wiki ya pili na la wiki ya nane yako mbali mno. Na foleni yenyewe inaanza kabla ya dirisha. Mchambuzi wa mwaka wa kwanza aliyesoma chuo chako, uliyeongea naye simu dakika ishirini mwezi Oktoba, anaweza kulitaja jina lako siku rundo la maombi linapochambuliwa. Hiyo konekisheni inashinda siku kumi za kutangulia. Basi Septemba hadi Desemba ya mwaka wa pili ndiyo miezi ya kazi: kuandikia watu, kuomba dakika zao kwa adabu, kujifunza hesabu. Januari ni ya kutuma tu.

Lakini ndipo panaponiuma. Klabu za uwekezaji za wanafunzi, ambazo ndizo zinazofundisha haya yote, huchagua wanachama wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, tena kwa usaili. Mtoto wa mtu wa benki, aliyekulia New Jersey, anajua hilo tangu sekondari. Mwenzake aliyemaliza kidato cha nne Kenya, akafanya KCSE vizuri, akapitia programu kama ya Equity Leaders, ya benki ya Equity kwa wanafunzi waliofaulu, na kufika Marekani Agosti, wiki hizo bado anatafuta koti la baridi na kujifunza kuelewa lafudhi ya mhadhiri. Kila mwezi ambao benki zinasogeza mbele, zinazidi kupima nani alikuwa na taarifa na kupunguza kupima nani ana akili. Benki zitasema kalenda ni moja kwa wote. Ni kweli, ni moja, ila wengine waliisoma kabla wenzao hawajapanda ndege.

Nafuu iliyopo ni kile kiangazi cha mwaka wa kwanza, ambacho wengi hurudi nyumbani wakakitumia kusalimia ndugu. Salimieni, lakini wiki sita katika ofisi ya dalali wa soko la hisa Dar es Salaam, au katika mojawapo ya benki za uwekezaji zenye leseni Nairobi, zina faida kuliko inavyodhaniwa. Huko hakuna kalenda ya miezi kumi na saba. Unaandika barua, unapiga simu, mjomba anamjua mtu, unakwenda. Na unarudi na la kusema. Msaili atakwambia umweleze biashara moja unayoifuatilia, na wenzako kumi watataja zile zile zilizokuwa kurasa za mbele za magazeti. Wewe mweleze Vodacom Tanzania, 2017: sheria iliilazimisha kuuza asilimia 25 kwa umma, hisa ikapangiwa shilingi 850, ikitafutwa jumla ya shilingi bilioni 476, sharti wanunuzi wawe Watanzania. Fedha za ndani hazikutosha, muda ukaongezwa, sheria ikalegezwa wageni wakaruhusiwa. Ukiweza kusema kwa nini bei ile na ukubwa ule havikuendana na mfuko wa soko lile, umeshafanya kazi ya mchambuzi.

Je, ukipewa nafasi mapema na benki ndogo wakati kubwa hazijafungua? Hapa siko upande wa wanaosema subiri. Mwenye viza asicheze na nafasi iliyo mkononi, mradi aulize kwanza, kwa maandishi, kama benki hiyo imewahi kudhamini wachambuzi wa kigeni. Na akishakubali, asikubali kwingine kisha akaiacha ya kwanza: ofisi za ajira za vyuo huadhibu hilo, na mji wa fedha ni mdogo.

Benki zenyewe zimeanza kulalamikia mbio hizi, tena pale zinapoumia wao. Mifuko mikubwa inayonunua makampuni iliwahi mno kuwasaili wachambuzi wapya wa benki, wengine kabla hawajakaa kwenye viti vyao. Jamie Dimon, mkuu wa JPMorgan, alisema hadharani kwamba tabia hiyo si ya kimaadili, na Juni 2025 benki yake ikawaandikia wachambuzi wapya kwamba atakayekubali kazi kwingine ndani ya miezi 18 ya mwanzo atafukuzwa. Nimelisoma tangazo lile kwa tabasamu kidogo. Hoja yao ni kwamba mtu hawezi kuijua kazi ambayo hajaifanya. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuwarudishia maneno hayo hayo, hasa kwa kazi ambayo mwaka 2021 kundi la wachambuzi wa Goldman Sachs walisema walikuwa wakiifanya kwa wastani wa zaidi ya saa 90 kwa wiki.

Aliyechelewa kabisa, yuko mwaka wa tatu Oktoba na hana kitu, bado ana benki za kati na za mikoani za Marekani zinazoendelea kuajiri wakati huo, na Ulaya kuna utarajali wa miezi mitatu hadi sita unaoanza mwezi wowote, hasa Paris, Frankfurt na London. Na yupo yule anayekwenda Uingereza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ambaye naona ndiye anayepoteza zaidi kwa kutojua. Masomo yanaanza Septemba, maombi yamefunguliwa Julai. Aombe akiwa bado Dar, ila asome kwanza mstari unaotaja mwaka wa kuhitimu, kwa sababu benki nyingine huwakataa moja kwa moja wanaohitimu mwaka ule ule wa utarajali na kuwaelekeza kwenye nafasi za kudumu. Akipata, amwone msimamizi wake mapema: wiki kumi za benki zitaangukia miezi ile ile ya kuandika tasnifu.