Kyadondo Kusini tulipunjwa

Jimbo la Kyadondo Kusini halimo tena kwenye karatasi ya kura tangu 2016. Lilikuwa jimbo letu sisi wa viunga vya Kampala, upande wa barabara ya Entebbe: Zana, Namasuba, Lubowa, Seguku, Bunamwaya, Ndejje, Masajja, hadi Busabala kule ziwani. Lilivuliwa jina likapewa jingine, Manispaa ya Makindye Ssabagabo. Watu wakabaki walewale, na foleni ya asubuhi ileile. Wengi walisema ni mambo ya vibao vya ofisini tu. Mimi nasema tulipunjwa, na tukapiga makofi.

Kyadondo ni ssaza, yaani kaunti ya ufalme wa Buganda, lenye mkuu wake, Kaggo. Mengo, makao ya ufalme huo, imo ndani yake, na sehemu kubwa ya Kampala imeota juu ya vilima vyake. Jiji lilivyozidi kutanuka, Makindye ikaishia kuwa mbili: moja divisheni ya Kampala, nyingine ng'ambo ya mpaka, Wakiso. (Mgeni akipewa miadi Makindye bila maelezo zaidi, atakesha akitafuta.) Sisi ni wale wa ng'ambo. Hadi mwaka 2000 tulihesabiwa wilaya ya Mpigi, ndipo Wakiso ikamegwa.

Na huku kwetu mipaka na kura vimeamuliwa na wengine tangu zamani. Mwaka 1961 Mengo ilisema uchaguzi ususiwe, na Waganda wengi wakasusia. Mwaka 1962 watu wa Buganda walipiga kura kuchagua Lukiiko, yaani bunge la Buganda, chama cha Kabaka Yekka kikazoa viti 65 kati ya 68, kisha Lukiiko ndiyo iliyopeleka wawakilishi 21 kwenye Bunge la taifa. Yaani nchi ilipata uhuru bila mtu wa Ndejje kumchagua mbunge wake moja kwa moja. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa Desemba 1980, na ule kila mzee ana habari zake.

Niruke hadi 2016, maana hapo ndipo penye kisa. Katika uchaguzi wa 2011 Wakiso ilikuwa na majimbo saba: Busiro tatu, Entebbe, na Kyadondo tatu, yaani Mashariki, Kaskazini na Kusini. Mbunge wetu wa mwisho chini ya jina la zamani alikuwa Issa Kikungwe wa DP, chama cha upinzani. Kisha zikaja manispaa. Kyadondo Kaskazini likageuka Nansana, ambayo kwa maajabu ya serikali yetu ilibeba hata Gombe na Busukuma, huko kwenye migomba. Kira ikachomolewa kutoka Kyadondo Mashariki. Sisi tukawa Makindye Ssabagabo. Hesabu yake ni nyepesi: saba yakawa manane. Tuliongezewa kiti kimoja, cha Kira.

Sasa tazama nchi nzima. Mwaka 2011 viti vya majimbo vilikuwa 238. Mwaka 2016 vikawa 290. Mwaka 2021 vikafika 353. Ni viti vipya 115 katika miaka kumi, na Wakiso, wilaya yenye watu wengi kuliko zote Uganda, imeambulia kimoja. Mwaka 2021 tulipiga kura tukiwa na majimbo yaleyale manane.

Sensa ya 2014 ilikuta watu karibu milioni 2 Wakiso. Kampala, yenye watu kama milioni 1.5 wakati huo, ina majimbo tisa baada ya Nakawa kugawanywa. Makindye Ssabagabo peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 280,000, chini ya mbunge mmoja. Kalangala, visiwani, sensa hiyohiyo iliwahesabu watu 54,000 hivi. Wana wabunge wawili wa majimbo na mbunge mwanamke wa wilaya. Siwaonei wivu, ziwa si barabara na kuwafikia ni kazi. Lakini mbunge mwanamke wa Wakiso ni mmoja pia, kwa milioni zote hizo, na sensa ya 2024 imeshavuka milioni 3.

Katiba ya 1995, ibara ya 63, inataka majimbo yakaribiane kwa idadi ya watu kadiri inavyowezekana, na Tume ya Uchaguzi iyapitie upya ndani ya miezi kumi na miwili baada ya matokeo ya sensa kutangazwa. Ibara hiyohiyo inasema kila kaunti iwe na angalau mbunge mmoja, na hapo ndipo mlango ulipo. Bunge likiidhinisha kaunti mpya, hata ndogo, kiti kinafuata. Ndiyo maana kaunti zinazaliwa mashambani kila uchaguzi ukikaribia. Huku viungani, ambako upinzani umezoea kushinda, tunapewa umanispaa: meya, baraza, na ushuru ambao wenye vibanda wa Namasuba wanaweza kukueleza vizuri kuliko mimi. Sitaki kusema ni hila. Nasema tu kwamba mwaka 2017, mahakama ilipofuta ushindi wa Apollo Kantinti wa upinzani Kyadondo Mashariki, katika uchaguzi mdogo uliofuata Robert Kyagulanyi, yule Bobi Wine wa upinzani, alipata kura zaidi ya 25,000 huku Sitenda Sebalu wa NRM, chama tawala, hafikishi 5,000. Nani mwenye akili atakimbilia kuongeza viti hapo?

Sisi wenyewe tuna lawama pia. Jirani zangu wengi wanalala Seguku, wanafanya kazi Kampala, na wamejiandikisha kupiga kura Masaka au Mbale, kwao. Siku ya uchaguzi bustaendi inajaa. Mbunge anawahudumia watu wengi kuliko waliomo kwenye daftari lake, na hakuna anayepiga kelele kwa ajili yao.

Najua jibu litakalokuja: Bunge limeshanenepa, lina watu 529, nawe unataka wengine? Hapana. Viti vya majimbo vibaki hivyohivyo 353, au vipungue, lakini vigawiwe kwa watu. Kalangala ibaki na jimbo moja na mbunge wake mwanamke, zile kaunti zilizozaliwa jana ziunganishwe, Ndejje na Masajja zipewe mbunge wao, Bunamwaya wake. Jimbo moja kati ya hayo mawili liitwe Kyadondo Kusini, maana kwa sasa Kyadondo imebaki na Mashariki tu, haina Kaskazini wala Kusini.