Hesabu ya chupa isiyopigwa wodini

Maambukizi yakiongezeka wodini, wa kwanza kulaumiwa ni muuguzi: hanawi mikono. Inafuata semina, kisha bango jingine juu ya sinki.

Wanaotetea semina na usimamizi mkali hawabahatishi. Zipo wodi zenye maji na sabuni, na bado mgonjwa anaguswa kwa mikono isiyonawiwa. Watoa huduma wengi hunawa zaidi baada ya kumhudumia mgonjwa, wakijilinda wao, kuliko kabla, ambapo anayelindwa ni mgonjwa. Glovu nazo zimekuwa kisingizio, jozi moja inapita vitanda vitatu. Hayo hayaponi kwa kununua ndoo yenye koki. (Madaktari nao hawawazidi wauguzi kwa kunawa, ila semina huitiwa wauguzi.)

Lakini tupige hesabu. Chukua wodi ya wagonjwa 30 na wauguzi wawili kwa zamu. Kila mmoja ana wagonjwa 15 na raundi mbili. Kwa kila mgonjwa atakase mikono kabla ya kumgusa, na tena kabla ya kuchoma sindano. Kunawa baada ya huyu tukuhesabu pamoja na kabla ya anayefuata. Ni mara 60. Kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kila mara, inakaribia saa nzima sinkini, bado hajatembea hatua moja, tena iwe siku ambayo mgao wa maji haujaifikia hospitali. Ziwa linaonekana dirishani, bomba linakohoa hewa. Kwa kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30, palepale kitandani.

Sasa chupa ya kitakasa. Mililita 3 kila mara ni mililita 180 kwa muuguzi kwa zamu. Wodi nzima, zamu tatu, inahitaji zaidi ya lita moja kwa siku, yaani kama lita 7.5 kwa wiki. Ikipewa chupa moja ya nusu lita kwa wiki, imepewa chini ya asilimia 7 ya mahitaji. Bango gani litaziba pengo hilo?

Katika hospitali moja ya Geneva, Uswisi, kati ya 1994 na 1997, utakasaji wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Mabango yalikuwepo, na uongozi ulisimama nyuma yake, lakini chupa pia ziliwekwa kando ya vitanda.

Famasia ya hospitali inaweza kuchanganya kitakasa yenyewe kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha jazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Gliserini hung'ang'ania kwenye kipimio. Kisuuze kwa maji hayohayo, uyamimine ndani. Ikizidi, mikono inanata na watu wanaikimbia chupa. Mchanganyiko ukae saa 72 ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizomo chupani. Chupa iliyokwisha ioshwe na kutakaswa kwanza, isijaziwe juu ya masalia.

Damu au kinyesi kikionekana mkononi, kitakasa hakitoshi. Hapo ni maji na sabuni, kwa hiyo tangi la akiba haliepukiki.

Msimamizi akija, aanze stoo: wiki iliyopita wodi ilipewa lita ngapi? Wanaopata lita 7 na bado hawatakasi mikono, hao ndio wa kuitiwa semina.